Kindu: Neno dogo la Kiingereza linaloweza kuharibu barua ya kazi

Tangazo la kazi linasema hati zitumwe "by Friday". Kijana wa Kindu anaelewa: hadi Ijumaa. Lakini akijibu kwamba atatuma hati zake "until Friday", maana imegeuka. "By" ni mwisho usiopaswa kupitwa. "Until" ni jambo linaloendelea bila kukoma mpaka siku hiyo. Ni kama ameahidi kutuma kila siku hadi Ijumaa.

Vihusishi, maneno madogo kama "in", "on" na "at", vinasumbua wengi wanaojifunza Kiingereza jimboni Maniema. Na lugha hiyo inazidi kuhitajika: mashirika ya kimataifa huitumia, na Kongo iliingia mwaka 2022 katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiingereza ni lugha rasmi.

Shida ya kwanza inatokana na Kifaransa cha shule. "Dépendre de" inazaa "depend of", kumbe sahihi ni "depend on". "Responsable de" inazaa "responsible of" badala ya "responsible for". Na aliyeoa si "married with", ni "married to".

Shida ya pili iko katika Kiswahili cha nyumbani. "Mu nyumba" ni "in the house", hapo hakuna taabu. Lakini "ku" inabeba mengi: ku meza ni "on the table", ku soko ni "at the market", kwenda ku Kalima ni "to Kalima". Neno letu moja, Kiingereza kinataka matatu.

Hata safari ina kanuni zake. Anayevuka Lualaba anasafiri "by canoe", ila ameketi "in a canoe". Baiskeli ni "on a bicycle", gari dogo ni "in a car". Treni ni "on the train", ingawa abiria yuko ndani, kwa sababu anaweza kusimama na kutembea humo.

Kwa wakati ni rahisi zaidi: saa huchukua "at", siku "on", mwezi na mwaka "in".

Dawa ni kutojifunza neno peke yake. Katika daftari usiandike "depend"; andika "depend on", kama neno moja. Na kabla ya kutuma barua, isome mara ya mwisho ukitafuta maneno madogo tu.