Masanduku kumi, wasindikizaji kumi na watano: Mtafikaje uwanja wa ndege?

Na MWANDISHI WETU

NI wachache miongoni mwetu ambao hawajawahi kumsindikiza jamaa anayekwenda ng'ambo. Wiki nzima nyumba huwa imefurika wageni. Kuku huchinjwa, maombi hufanywa, picha hupigwa, na siku yenyewe ikifika kila mtu hutaka kupanda gari aende hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta kumpungia msafiri mkono.

Hakuna ubaya katika hayo. Mtu ni watu. Lakini msafiri wa siku hizi si lazima awe kijana mmoja mwenye sanduku moja. Mara nyingi ni mama na watoto wanne wanaomfuata baba aliyetangulia Canada, wakiwa na mizigo ya kwenda kuanza maisha upya.

Familia kama hiyo ikiwa inaishi mbali na Nairobi, kibarua kigumu si zile saa za kukaa angani. Kibarua ni kuwafikisha watu wote, pamoja na kila sanduku, mlangoni pa uwanja kabla ya kaunta kufungwa. Wakichelewa, tiketi tano zilizonunuliwa kwa mkopo au kwa mchango wa harambee zinaweza kupotea kwa dakika kumi tu.

Hebu basi, msomaji, tuichukue familia hiyo ya watu watano, tuseme inatoka Nakuru, tuisindikize hatua kwa hatua.

Mizani kwanza

Tuseme tiketi zao zinamruhusu kila mmoja masanduku mawili ya kilo 23. Hayo ni masanduku kumi, jumla kilo 230. Ongeza mkoba wa mkononi wa kilo saba kwa kila mtu, na sasa mna kilo 265. Huo ni uzito wa karibu magunia matatu ya mahindi ya kilo 90.

Usikisie uzito kwa kuinua sanduku kwa mkono. Mkono hudanganya, hasa mkono wa mtu mwenye furaha. Kama hamna mizani nyumbani, nendeni kwa mwenye duka la nafaka mtaani awapimie. Njia nyingine ni kusimama kwenye mizani ya kupimia watu ukiwa umebeba sanduku, kisha usimame bila sanduku na kutoa.

Fanyeni hivyo siku tatu kabla ya safari. Anayegundua kwenye kaunta kwamba sanduku limezidi hubaki na njia mbili tu: kulipa, au kulifungua sakafuni mbele ya watu aanze kutoa nguo na viatu. Kumbukeni pia kwamba sanduku tupu lina uzito wake, na kwamba mashirika mengi hayapokei kabisa sanduku moja lililozidi kilo 32, hata uwe tayari kulipa.

Zawadi za vyakula nazo zataka uangalifu. Canada na Marekani humtaka msafiri atangaze kwa maafisa wa forodha vyakula vyote alivyobeba. Nchi za Muungano wa Ulaya na Uingereza haziruhusu msafiri kutoka huku kwetu kuingia na nyama au maziwa. Kwa hivyo ile mursik ya nyanya na ile nyama iliyokaushwa, afadhali ziliwe kwenye karamu ya kuagana.

Kisha kuna vifurushi vya majirani. "Nipelekee mwanangu hiki kidogo tu" ni maneno matamu, lakini vidogo kumi ni kilo nzima nzima. Tena, mkibeba kitu ambacho hamkukifunga wenyewe, ninyi ndio mtakaojibu maswali kikifunguliwa. Kataeni kwa heshima, au mfungue kifurushi mbele ya mwenyewe, mtazame, kisha mkifunge upya.

Saa ya tiketi si saa ya ukutani

Hapa ndipo wengi huteleza. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, nasi nyumbani tunahesabu kwa Kiswahili. Ndege ya 23:40 huondoka saa tano na dakika 40 usiku. Hilo ni rahisi.

Balaa iko kwenye ndege za baada ya saa sita usiku. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 15, maana yake ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 15. Familia inapaswa kutoka nyumbani tarehe 14 mchana. Atakayengoja jua la tarehe 15 lichomoze ndipo afunge mizigo, atakuta ndege imekwishapaa zamani.

Mkishaijua saa, hesabuni kwa kurudi nyuma. Chukua ile ndege ya saa tano na dakika 40 usiku. Kaunta nyingi za safari za nje hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka, yaani saa nne na dakika 40. Abiria hushauriwa kufika saa tatu kabla, yaani saa mbili na dakika 40 usiku. Kwa watu watano na masanduku kumi, lengeni saa moja jioni.

Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi. Barabara ikiwa nyeupe, saa tatu hadi nne zinatosha kufika uwanjani. Lakini nani atakuahidi barabara nyeupe? Anayeijua njia hiyo anafahamu jinsi magari yanavyosimama karibu na Naivasha siku za sikukuu na Jumapili jioni. Kwa hivyo tokeni nyumbani saa saba mchana. Mkifika mapema mtakula mlichobeba na kupumzika. Aliyefika mapema hajapoteza kitu.

Gari moja, si matatu

Masanduku kumi hayaingii kwenye buti ya gari dogo. Mawili makubwa yakiingia, la tatu ni kwa kusukuma. Baadhi ya familia huamua kukodi pikapu ya mizigo na gari jingine la watu. Mpango huo una ila yake: pikapu ikipasuka gurudumu Gilgil, wenye mizigo watakuwa wamefika uwanjani mikono mitupu.

Lililo bora ni matatu moja ya viti 14, na mwenyewe aambiwe mapema kwamba viti vya nyuma ni vya masanduku. Mkikubaliana bei, semeni wazi kama inajumuisha mafuta, ada ya barabara na safari ya kurudi. Ulizeni pia kuhusu bima ya abiria. Mizigo ikifungwa juu kwenye kariya, turubai ni lazima, hata kama asubuhi hakuna wingu.

Fungeni utambaa wa rangi moja kwenye kila sanduku, kisha mkabidhini mtoto mkubwa kazi ya kuhesabu. Ahesabu mnapoondoka, mnaposimama njiani, na mnaposhuka uwanjani. Pasipoti, tiketi, vyeti vya kuzaliwa na dawa zisiingie kabisa katika masanduku hayo. Zikae kwenye mkoba wa mama. Mzazi anayesafiri na watoto bila mwenzake abebe pia barua ya idhini ya mzazi huyo, kwani huenda akaiulizwa.

Shangazi atakaa wapi?

Sasa tumefika penye maudhi. Gari lina viti 14. Masanduku yamechukua sehemu ya nyuma, wasafiri ni watano, dereva mmoja. Vinabaki viti vitatu au vinne. Nje wamesimama watu kumi na watano, wamevaa nguo za Jumapili, na shangazi ameketi tayari karibu na dirisha.

Wengi wetu huona aibu kumwambia shangazi ashuke. Matokeo yake ni watoto kupakatwa mapajani, masanduku kurundikwa miguuni, na gari kuanza safari likiwa limechelewa na kulemewa. Polisi wakilisimamisha kwa kuzidisha abiria, wanaoumia ni wenye tiketi.

Nao wasindikizaji wanafuata nini hasa? Katika uwanja wa Jomo Kenyatta, wasio na tiketi hawaruhusiwi kuingia ndani ya jengo la kuondokea. Mtu atasafiri kilomita 160 ili aagane na mwanawe kando ya barabara kwa dakika tano, askari akimhimiza dereva aondoe gari. Kisha arudi Nakuru usiku wa manane na dereva aliyechoka. Tuseme ukweli: huyo aliye hatarini zaidi usiku huo si anayepaa.

Kwa hivyo kuageni nyumbani, na mkuage vizuri. Tengeni siku nzima kabla ya safari, si asubuhi ya safari. Siku hiyo ndiyo ya wazee kutoa baraka, ya shangazi kusema yaliyo moyoni, na ya picha. Wachagueni wawili wa kufika uwanjani, ikiwezekana wenye nguvu za kubeba na utulivu wa kichwa. Mpango huo utangazwe na mzee wa nyumba mbele ya wote. Akisema yeye, shangazi hatasema amedharauliwa. Dereva naye apewe mahali pa kulala Nairobi, arudi asubuhi.

Njiani na langoni

Kabla ya kuwasha gari, pigieni shirika la ndege simu. Mnamo Septemba 11, 2024, mgomo wa wafanyakazi ulikwamisha safari katika uwanja huo, na waliotoka mbali bila kuuliza waliteseka. Barabara nayo haina dhamana: mafuriko ya Aprili 29, 2024 yaliua watu wengi na kuharibu barabara eneo la Mai Mahiu. Dereva wenu awe anaijua njia ya chini ya Mai Mahiu na ile ya juu ya Limuru.

Mkifika Westlands jioni, barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa 2022, itawavusha jiji na kuwashusha karibu na uwanja. Bebeni pesa za ada hiyo. Dereva asiyetaka kupita huko anaweza kukata kona kabla ya jiji na kufuata Southern Bypass hadi Barabara ya Mombasa.

Langoni pa uwanja abiria hushuka wakaguliwe huku dereva akipita na gari. Waelezeni watoto mapema, wasije wakadhani wanaachwa. Jueni pia shirika lenu linatumia sehemu gani, 1A, 1B au nyingine, kwa sababu kusukuma masanduku kumi kutoka jengo hadi jengo ni adhabu.

Wanaotoka kwingine

Wa Pwani wanaweza kutumia treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria 2017. Huchukua kama saa tano au sita, na stesheni ya Nairobi iko Syokimau, si mbali na uwanja. Ila fikeni stesheni ya Miritini mapema, maana mizigo hupangwa mstari ikanuswe na mbwa.

Wa Kisumu na Eldoret wanaokusudia kuunganisha kwa ndege ndogo waangalie inatua wapi. Baadhi hutua Wilson, na kutoka huko hadi uwanja mkubwa ni lazima mkodi gari tena. Tiketi hizo mbili zikinunuliwa mbalimbali, uzito unaoruhusiwa kwenye ndege ya ndani unaweza kuwa mdogo kuliko wa ile ya nje.

Nawe mwanafunzi unayekwenda peke yako, usishukie katikati ya jiji saa kumi alfajiri na masanduku mawili huku ukitafuta teksi. Lala kwa jamaa Nairobi usiku wa kuamkia safari, hata kama ni kwenye kochi. Atakuelekeza, na pengine akubebee sanduku moja.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Pimeni mizigo mapema, hesabuni saa kwa kurudi nyuma, na machozi ya kuagana yamwagike sebuleni, mahali ambapo hakuna askari wa kuwaambia muondoe gari.