Mtoto Anapobuni Maneno Yake

Hakuna nyumba yenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu isiyokuwa na maneno yake ya siri. Maji yana jina jipya, uji una jina jipya, na paka wa jirani huitwa kwa sauti ambayo mgeni haifahamu mpaka afasiriwe na mama au dada mkubwa. Wako wazazi wanaocheka, wako wanaoliiga neno lile hata likazoeleka nyumba nzima, na wako wanaoingiwa na hofu kuwa ulimi wa mtoto una kasoro. Juma hili tumeona ni vyema tulizungumze jambo hili, na tumewakusudia hasa jamaa zetu wa Kitui na Makueni, ambako mtoto hulelewa baina ya Kikamba na Kiswahili, na Kiingereza nacho hubisha hodi mapema.

Mwingiliano wa lugha hizi si wa jana. Mmisionari Krapf, aliyekuwa na makazi yake Rabai, alifika Kitui mwaka 1849 akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba. Mwaka uliofuata alichapisha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili na Kikamba zikiwemo katika kitabu kimoja. Reli ilipopanda bara kutoka Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikaacha nyuma yake miji kama Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, huu wa mwisho ukibeba jina la Sayyid Hamud bin Muhammad wa Zanzibar. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,136,187 katika Kitui na 987,653 katika Makueni. Miongoni mwao zimo nyumba ambamo baba ni wa pwani na mama ni Mkamba, au kinyume chake, na wajukuu wao hutushukia hapa pwani kila shule zifungwapo.

Sauti yenye maana

Mtoto hutumia sauti yenye maana kabla hajaanza kutumia maneno ya wakubwa. Mtaalamu wa lugha Michael Halliday, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, alieleza jinsi mwanawe alivyokuwa, tangu umri wa miezi tisa hivi, akitumia sauti zisizokuwa za Kiingereza wala lugha yoyote, lakini kila sauti ikiwa na kazi yake isiyobadilika: moja ya kutaka kitu, nyingine ya kuita mtu. Miaka mingi baadaye huko Marekani, Deb Roy alirekodi maisha ya nyumbani kwake tangu mwanawe alipozaliwa. Mtoto yule aliyaita maji "gaga", na kwa muda wa nusu mwaka neno lile likawa linageuka kidogo kidogo mpaka likawa neno kamili la Kiingereza.

Funzo tulipatalo hapo ni kwamba neno la mtoto ni hatua ya safari. Mtoto ameisikia sauti, ameipa maana, na sasa anaijaribu mbele ya watu ili aone kama itakubaliwa.

Hubuni kwa kanuni

Mwenye kusikiliza kwa makini ataona kwamba ubunifu huu una utaratibu. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto hushika kile kinachosikika zaidi. Ndiyo maana "samaki" huweza kuwa "maki", na "viatu" vikawa "atu". Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wanne wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili na kuchapisha kitabu chake mwaka 2005, aliona kuwa watoto mara nyingi huangusha kiambishi cha mwanzo cha kitenzi, wakasema "taka" badala ya "nataka". Lakini kukosea kwa kuweka kiambishi kisichokuwa chake kulikuwa adimu. Mtoto huacha asichokiweza bado. Hatupi tupi ovyo.

Baadaye huja hatua nyingine inayowashangaza wazazi zaidi. Mtoto aliyekuwa akisema "njoo" na "lete" kwa usahihi ghafla anasema "kuja!" na "leta!" Hajarudi nyuma. Amegundua kuwa "soma" ni amri ya kusoma na "cheza" ni amri ya kucheza, kisha akaieneza kanuni hiyo kwa vitenzi vyote. Kiswahili ndicho kilichojitenga na kanuni katika maneno hayo machache, na mtoto atayajua kwa kuyasikia.

Tena watu wazima walifanya mambo haya haya. Waarabu walituletea neno "kitabu". Wazee wetu wakasikia "ki-" mwanzoni mwake, wakaunda "vitabu", wingi usiojulikana kwa Waarabu. Kikinga matope cha gari kilipokuja na jina lake la Kiingereza kikaitwa "madigadi", na mafundi wakalivua lile "ma-" wakapata "digadi" moja. Pikipiki ilipewa jina kwa mlio wake, sawasawa na mtoto anayemwita paka "nyau". Na pale tusemapo kwamba mtoto anasimama dede au anakwenda tete, tunatumia maneno ya kulelea watoto yaliyokwisha ingia katika kamusi.

Susu ni nani?

Katika Kitui na Makueni kazi ya mtoto ni maradufu, na hapa ndipo penye kuchekesha na penye hatari pia. Kwa Kikamba "susu" ni nyanya, mama wa mzazi. Katika nyumba nyingi za mjini nchini Kenya, "susu" ni neno la kitoto la haja ndogo. Mtoto akilia "susu, susu!" mlangoni, mlezi aliyetoka Mombasa humkimbiza chooni, ilhali maskini anamtaka bibi yake.

Vivyo hivyo Kikamba hudogesha kwa "ka-", na mtoto mwenyewe ni "kana". Mtoto wa huko akisema "kakombe" kwa kikombe kidogo, au "katoto" pale sisi wa pwani tusemapo kitoto au kijitoto, ameunganisha lugha mbili kwa ustadi. Lakini mara nyingi shangazi wa pwani humsahihisha kwa kicheko, kisha huja shauri lililozoeleka: "Mwacheni Kikamba, kinamchanganya."

Shauri hilo tunaliona kuwa na madhara. Kuwa na lugha mbili hakumfanyi mtoto achelewe kuwa msemaji. Maneno yake ya lugha zote mbili huhesabiwa kwa pamoja. Mtoto aliyejua "maji", "mwaitu", "ng'ombe" na "susu" ana maneno manne, hata kama kila mzazi anayatambua baadhi tu. Na anapokatazwa Kikamba, anayepotea si neno peke yake. Hupotea mazungumzo baina yake na bibi aliyembeba mgongoni, ambaye pengine hana lugha nyingine ya kumwonyea huruma na kumpa adabu.

Tumjibu vipi

Katika sira tunapata mfano mwema. Umm Khalid, binti mdogo aliyezaliwa Uhabeshi wakati wa hijra, alipoletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) alivikwa nguo yenye mapambo, na Mtume akamsifia nguo ile kwa neno la Kihabeshi, "sanah", yaani nzuri. Hakungoja mtoto ajifunze Kiarabu ndipo asemezwe. Alisemezwa kwa lugha aliyokulia. Na Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliulizwa habari za ndege wake mdogo kwa maneno yenye vina na jina lake, jambo ambalo mtoto yeyote hulifurahia.

Kwa hiyo mtoto akisema "maki", mama na aseme: "Ndiyo, samaki. Samaki yuko kwenye sahani." Asimlazimishe kukariri, wala asiwaite wageni waje kusikiliza kichekesho. Mtoto akichekwa kila anapojaribu hujifunza kunyamaza. Wala si vyema nyumba nzima kulishika neno lake hadi miaka minne, kwani atakosa mahali pa kulisikia lililo sahihi. Na kila mtu aseme naye kwa lugha anayoimudu vyema: susu kwa Kikamba chake, baba kwa Kiswahili chake. Simu na televisheni hazihesabiwi, kwa sababu hazimjibu.

Wakati wa kutafuta msaada

Hata hivyo, si kila ukimya ni wa kungojewa. Kwetu sisi mtoto huadhiniwa sikioni azaliwapo, na kusikia ndiko kunakotangulia kusema. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka aitwapo, wa miezi 18 asiye na neno hata moja, hata la kubuni, wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, au wa umri wowote aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, apelekwe kupimwa, na masikio yawe ya kwanza. Sikio linalotoa usaha nalo litibiwe mapema; lisiachiwe mafuta ya taa wala dawa za kubahatisha.

Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kina ukurasa wa hatua za makuzi. Tukisome, tusikitumie kwa chanjo tu. Hospitali za rufaa za kaunti ziko Kitui mjini na Wote, na viko vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa nchini tangu mwaka 1984. Mama asidhani kuwa hana la kusema mbele ya daktari. Watafiti wa Kilifi, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2015, walipima maneno ya watoto wa Kiswahili na Kigiriama kwa kuwahoji wazazi, wakiwemo wasiojua kusoma, na ushahidi wao ulifaa. Basi mama aandike, au aandikiwe, maneno yote ya mwanawe ya lugha zote, pamoja na yale ya kubuni, aende nayo.

Shule zitakapofungwa na wajukuu wa Makindu na Kitui watakapoteremka pwani, tuwaulize wazazi wao kwanza maana ya maneno wanayokuja nayo. Tukishayajua, tuwajibu.