Saa ya Dar, Jua la Kasulu

Mwezi Julai, saa 12 na nusu asubuhi, Dar es Salaam kumekucha. Kasulu, mkoani Kigoma, ni giza, na watoto wa shule wameshashika njia, sweta zimefungwa hadi shingoni.

Chanzo ni hesabu. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Kasulu iko kwenye nyuzi 30, Kibondo inakaribia 31. Hivyo jua la huku liko nyuma ya saa ya ukutani kwa takriban saa nzima: huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 1 usiku. Wachuuzi wa mpakani Mabamba wanalijua hilo kwa vitendo, maana wakivuka kuingia Burundi hurudisha saa nyuma kwa saa moja, nalo jua ni lile lile.

Mwili hufuata jua. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kifundo cha seli kinachopima mwanga na kupanga usiku wetu. Giza likiingia, homoni ya melatonini hupanda, joto la mwili hushuka, usingizi unabisha hodi. Taa kali au simu iliyo karibu na uso huichelewesha homoni hiyo. Na tangu 2022, Kasulu na Kibondo zilipoachana na jenereta za dizeli na kuingia kwenye Gridi ya Taifa, taa za kuwasha zimeongezeka.

Lakini tusiusingizie umeme kila kitu. Utafiti uliochapishwa 2015 uliwapima Wahadzabe wa Tanzania pamoja na jamii mbili za Namibia na Bolivia, watu wasio na umeme. Kwa wastani walilala zaidi ya saa 3 baada ya jua kuzama, baridi ya usiku ikizidi. Ile hadithi kwamba wazee wetu walilala na kuku, basi, tuipokee kwa tahadhari.

Tatizo ni kuchelewa kulala huku saa ya kuamka haibadiliki. Nchini Marekani, watafiti Osea Giuntella na Fabrizio Mazzonna walionyesha mwaka 2019 kwamba wanaoishi upande wa mpaka wa ukanda wa saa ambako jua huzama saa moja baadaye hupoteza wastani wa dakika 19 za usingizi kila usiku, kwa sababu kazi na shule haziwasubiri. Sioni kwa nini miili yetu, Waha wa Kigoma, iwe tofauti.

Kwa hiyo hesabu ianzie kwenye kuamka. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Akiamshwa saa 11 alfajiri, awe amelala saa 2 usiku, ndiyo, wakati taarifa ya habari inaanza. Ugali na maharage vipikwe jua likiwapo. Taa kubwa izimwe mapema, simu ibaki sebuleni. Asubuhi jua likitoka, nje! Mwanga wa wakati huo huisogeza saa ya mwili mbele, na usiku usingizi huja mapema. Watu wazima wajihadhari na kahawa, ingawa ni zao letu: kikombe cha saa 12 jioni, saa 5 usiku karibu nusu ya kafeini yake ingali mwilini.

Baridi ya milimani husaidia usingizi, kwa hiyo blanketi linatosha. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kamwe. Hewa yake ya kaboni monoksidi haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Bado mzazi hawezi kulisogeza jua. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri shule za vijana zisianze kabla ya saa 2 na nusu asubuhi. Nawaomba wanaopanga ratiba mkoani Kigoma waanze na hatua ndogo: kengele ya asubuhi ichelewe nusu saa.