MAJANI YA MZABIBU NA SUKARI YA ZABIBU

Zabibu za mvinyo zifikapo kiwandani hazitazamwi kwa uzito peke yake. Hupimwa pia sukari iliyomo katika mchuzi wake, kwa kuwa sukari hiyo ndiyo inayogeuzwa na hamira kuwa kileo. Kwa makadirio, kila gramu 17 za sukari katika lita moja ya mchuzi hutoa kileo cha asilimia 1. Mchuzi wenye gramu 200 kwa lita waweza kutoa mvinyo wa asilimia 12 hivi. Wenye gramu 150 hufikia 9 kwa shida, na mvinyo wake huwa mwepesi na wenye ukali wa ndimu. Shehena ya chama ikipimwa kwa pamoja, mashada mabichi ya mwanachama mmoja huishusha sukari ya wenzake wote. Kwa sababu hiyo namna ya kukata na kuelekeza matawi si jambo la mkulima na shamba lake tu.

Sukari hutengenezwa na jani lililopata jua. Jani moja la mzabibu hunyonya zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mwanga unaolifaa. Jani lililo chini yake hupata kile kidogo kilichosalia, na la tatu karibu halipati kitu. Basi mzabibu uliojifanya kichaka, hata ukipendeza kwa kijani chake, una majani ya nje yanayofanya kazi na ya ndani yanayokaa bure hadi yawe ya manjano na kuanguka. Wapo wanachama wanaoona fahari kwa kichaka cha namna hiyo, hasa shamba likiwa limewekwa samadi nyingi na kumwagiliwa sana. Fahari hiyo haina malipo kiwandani.

Hasara haiishii kwenye sukari. Ndani ya kichaka hewa haipiti, na hapo ubwiri unga hupata makao. Ugonjwa huu hauhitaji mvua ili uenee, kivuli na hewa iliyotulia vinautosha. Ubwiri vinyoya huhitaji majani yenye maji, nao hushika zaidi wakati wa mvua ambapo kichaka huchelewa kukauka. Dawa inayopulizwa hubaki kwenye majani ya nje wala haiyafikii mashada. Aina ya Chenin Blanc, ambayo punje zake zimebanana, huoza upesi zaidi katika hali hiyo.

Tena kuna hasara isiyoonekana kwa macho. Mashada ya msimu ujao huanza kuumbika ndani ya macho ya matawi ya msimu huu, na jicho lililokaa kivulini huumba mashada machache au lisiumbe kabisa. Jambo hili lilidhihirishwa katika miaka ya 1960 na Nelson Shaulis, mtafiti wa Geneva katika jimbo la New York, Marekani, alipoyagawa majani ya mzabibu katika mapazia mawili ili jua liingie. Mavuno yaliongezeka, na sukari pia. Mwanachama anayehofu kwamba kupunguza matawi ni kupunguza kilo yafaa aelezwe habari hii kwanza.

Kazi huanza mche ukiwa mchanga. Chipukizi moja lenye nguvu hufungwa kwenye kijiti na kupandishwa hadi waya wa kwanza, kiasi cha meta moja kutoka ardhini, mengine huondolewa. Likifika hapo hukatwa ncha, na machipukizi mawili ya juu hulazwa juu ya waya, moja kulia na moja kushoto, yawe mikono ya kudumu. Juu ya waya huo huwekwa nyaya nyingine za kushikilia majani yasimame. Nguzo ziwe za mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, maana nguzo ikianguka msimu wa matunda pazia zima hulala chini.

Wakati wa kupogoa, juu ya kila mkono huachwa vijiti vifupi vyenye macho mawili mawili, vikiwa vimepishana kiasi cha shubiri moja. Machipukizi yakitoka huhesabiwa: katika kila meta ya mkono, kiasi cha 15 yanatosha. Yaliyozidi, pamoja na maotea ya shinani, hung'olewa kwa mkono yangali laini. Yaliyobaki huinuliwa na kupitishwa kati ya nyaya za juu, na yakivuka waya wa mwisho hukatwa ncha. Lakini kisu kisizidi. Kilo moja ya zabibu huhitaji karibu meta moja ya mraba ya majani ili iive vizuri. Tawi lililoachwa na majani matano haliwezi kulea mashada mawili.

Jua la Dodoma nalo lina adabu yake. Vitabu vya nchi za baridi hufundisha kuyaondoa majani yote yanayozunguka mashada. Mwenye kufanya hivyo Hombolo au Mvumi atavuna punje zilizoungua. Mistari ikielekezwa kaskazini na kusini, majani machache yanayokaribia mashada huondolewa upande wa mashariki tu, ili jua la asubuhi likaushe umande, na upande wa magharibi huachwa uwe mwavuli wa mchana.

Katika nchi za baridi mzabibu hulala wenyewe kila mwaka. Hapa huamshwa na mkasi, na kutoka kupogoa hadi kuvuna hupita miezi minne hivi. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na ndiyo maana pia majuto mengi huanzia kwenye tarehe. Mwanachama aliyevuna leo akapogoa wiki ijayo huunyima mzabibu majani ambayo yangerudisha akiba mizizini. Mhindi ukishavunwa kazi yake imekwisha. Mzabibu bado unakula. Majani yaachwe wiki kadhaa yakiwa mazima, na yaendelee kukingwa na ubwiri.

Na wanachama wote wakipogoa wiki moja, zabibu zote huiva wiki moja, kiwanda hujaa, na mzigo uliokaa juani hupungua uzito na kuanza kuchacha. Hapa kazi ya katibu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kabla ya mkasi kuingia shambani, chama kiafikiane na mnunuzi kiasi atakachopokea kwa wiki, kisha kigawe wanachama katika makundi ya kupogoa yanayopishana. Daftari lionyeshe jina, aina ya mzabibu, idadi ya mashina, tarehe ya kupogoa na, mavuno yakikaribia, kipimo cha sukari cha kila shamba. Kipimo kichukuliwe kwa punje za mashada mbalimbali, za upande wa jua na za upande wa kivuli, wala si kwa shada moja zuri lililochaguliwa na mwenye shamba. Shamba ambalo sukari yake haijafika lisogezwe kwenye shehena ya wiki inayofuata, na mwenyewe aelezwe mbele ya kamati kwa nini.