Dhana Mbaya Katika Vijiwe vya Buha

Mtu ashukaye basi mjini Kasulu au Kibondo hana haja ya kwenda mbali ili akikute kijiwe cha vijana: bodaboda zimepangwa ubavu kwa ubavu chini ya mti, madereva wameketi juu yake wakingoja abiria, simu moja inapita mkono kwa mkono ili kila mmoja autazame mkeka wa kubeti wa mechi za jioni, na mazungumzo, hata yakianzia kwenye mpira, aghalabu huishia katika kauli tatu ambazo hakuna tena azihojiye: wote ni wale wale; bila kujuana hutoboi; hela zile zina wenyewe.

Tabia hii ya kumdhania kila mtu ubaya kabla ya kumjua, na ya kulitafutia kila jambo jema hila iliyofichika nyuma yake, Waha, wenyeji wa Buha mkoani Kigoma, hawakuizua bure. Zama za Waingereza nchi hii ya milima ilifanywa chimbuko la vibarua, na shirika la wenye mashamba ya mkonge lililoitwa SILABU, ambalo liliundwa mwaka 1944, lilikusanya vijana wa Kigoma na kuwapeleka mashamba ya mbali kuwa manamba, ambako wengi waliacha nguvu zao na kurejea na fedha isiyotosha. Baada ya uhuru, katika miaka ya mwanzo ya 1970, ikaja operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji vipya kwa ahadi ya maji, shule na zahanati, na katika ahadi hizo nyingine zilitimia na nyingine zikakawia mno. Nao umeme wa gridi ya taifa haukufika mpaka mwaka 2022. Kijana aliyelelewa na babu aliyechoshwa na mkonge, na baba aliyengoja taa nusu ya umri wake, hana lawama akisita kabla ya kuamini.

Walakini kusita ni jambo moja na kukataa katakata ni jingine. Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, alitaka shule imlee mtoto mwenye akili ya kudadisi, awezaye kujifunza kwa wengine, akalikataa lisilomfaa na kuligeuza lile limfaalo. Mdadisi huuliza, kisha akangoja jibu. Mwenye dhana mbaya amekwisha kujijibu, na kwa hiyo masikio yake hayana kazi. Hofu yangu ni kwamba vijana wetu wanaichukua hali hii ya pili wakidhani ndiyo ya kwanza, maana asiyeamini kitu huonekana mwerevu mbele ya wenzake, na aaminiye huitwa mshamba.

Natutazame habari ya mikopo ya halmashauri. Sheria inaiagiza kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ikopeshwe bila riba. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilipofichua vikundi hewa na fedha nyingi zisizorejeshwa, na serikali ikaisimamisha mikopo hiyo Aprili 2023 mpaka ilipoirudisha mwaka uliofuata, vijiwe viliipokea habari ile kuwa ni ushahidi wa mwisho kwamba wote ni wezi. Lakini nani aliyeandika ripoti? Waliiandika watumishi wa umma, walioketi na hati za malipo, wakafuata majina ya vikundi moja moja, wakaandika waziwazi kipi hakipo. Kijana asemaye kwamba hapana mwaminifu hata mmoja ameijenga kauli yake juu ya kazi ya mwaminifu, wala hamwoni.

Na madhara yake hayaishii katika maneno. Dirisha la mikopo linapofunguliwa, aliyekwisha kuamua kwamba hela zina wenyewe haendi ofisi ya kata kuulizia fomu wala haandiki katiba ya kikundi, na hivyo wachache wenye kujuana hubaki peke yao mlangoni, nayo kauli ya kijiwe ikawa kweli kwa sababu ilisadikiwa.

La kuhuzunisha zaidi ni kwamba asiyemwamini mwalimu wala diwani hubaki na kiu ya kuamini, akaituliza kwa asiyemjua. Nchi yetu iliwaona wengi wakiipa kampuni ya upatu ya DECI akiba zao kwa ahadi ya kupanda na kuvuna, mpaka serikali ilipoifunga mwaka 2009. Na leo mkeka hupewa imani ambayo jembe, kitabu na kikundi vimenyimwa.

Wala vijana wa nyanda hizi hawakuzaliwa hivi. Mwaka 2010 wapiga kura wa Muhambwe, ndilo jimbo la Kibondo, walimpeleka bungeni kijana Felix Mkosamali wa NCCR-Mageuzi, jambo lisilofanywa na watu waonao kura kuwa karatasi tu. Wenye udhuru mkubwa kuliko wote wa kutoamini ni majirani zetu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, ambako mtoto wa Kikongo aweza kuzaliwa na kufikia utu uzima akisikia habari za kurejea kwao na za kuhamishiwa ng'ambo, asipate hata moja. Naye hana baraza la kijiji analopigia kura.

Mkazi wa kijiji analo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 humpa kila mkazi mtu mzima nafasi katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, na humo ndimo hesabu za mapato na matumizi hupaswa kusomwa. Vijana wasipohudhuria, husomwa upesi mbele ya wazee wachache, kisha watu wakatawanyika. Lakini akisimama kijana mmoja na kuuliza saruji ya darasa ilikuwa mifuko mingapi, na stakabadhi iko wapi, mtendaji hana budi ama kuionyesha ama kukiri mbele ya kadamnasi kwamba haipo. Na hapo kijana huyo hupata msingi wa kumtuhumu fulani, kwa jina lake na kwa kiasi alichochukua, badala ya kuwatuhumu wote.