Gitaa la huyu linakutoa machozi, la yule linakupita tu. Kwa nini?

Tafuta rekodi yoyote ya B.B. King akiwa jukwaani, halafu tafuta video ya kijana anayecharaza noti kumi na kitu kwa sekunde. Huyo kijana utamshangaa. King, kwa noti chache tu, huenda akakufanya unyamaze. Watu husema "ana roho", wakimaanisha ni kipaji na hakifundishiki. Mimi sikubali, na nitakuonyesha kwa nini.

Tuanze na uzi. Ukiupiga uzi wa gitaa, sauti inaanza kufa hapo hapo. Mwimbaji anaweza kuikuza sauti katikati ya neno, ila mpiga gitaa hawezi. Anachobaki nacho ni kidole kilichobonyeza uzi. Akiusukuma pembeni, mkazo unaongezeka na sauti inapanda. Ili ipande toni moja nzima, idadi ya mitetemo kwa sekunde lazima iongezeke kwa asilimia 12 hivi. Na kwa kuwa mitetemo hufuata kipeuo cha pili cha mkazo, mkazo wenyewe unatakiwa uongezeke kwa karibu asilimia 26. Kidole kinayafanya yote haya kwa kuhisi tu! Kikipatia, sauti inateleza jinsi inavyoteleza sauti ya mtu anayelia au anayebembeleza. King alikuwa bingwa wa hilo: anaimba mstari, ananyamaza, kisha gitaa lake, Lucille, linajibu.

Mwaka 2000 mwanasaikolojia Patrik Juslin wa Uppsala, Sweden, alichapisha utafiti uliotumia wapiga gitaa watatu wa kulipwa. Waliombwa wapige melodi zilezile fupi wakionyesha hasira, huzuni, furaha na hofu, na wasikilizaji 30 wakazipima. Wasikilizaji walizitambua hisia hizo vizuri tu, ingawa melodi ni zilezile. Tofauti ilikuwa kwenye kasi, ukubwa wa sauti, ukali wake, na jinsi noti zilivyoungwa au kukatwa. Huzuni ilienda polepole, kwa sauti ya chini, noti zikishikana. Hasira ilikuwa na kasi na kelele. Sasa msikilize jirani yako akigomba, halafu mtu aliyetoka msibani akiongea. Ni ishara zilezile. Mwaka 2003 Juslin na Petri Laukka walipitia tafiti nyingi za usemaji na za muziki, wakakuta kufanana huko kote.

Kwa hiyo yule kijana wa noti kumi kwa sekunde, kama kasi na sauti yake havibadiliki, ni sawa na mtu anayeongea bila kuvuta pumzi. Kasi yenyewe si kosa lake. Shida ni kwamba hatupi muda wa kusubiri chochote, na kusubiri ni nusu ya utamu. Utafiti uliofanyika Montreal na kuchapishwa 2011 ulionyesha kuwa ubongo wa mtu anayesisimkwa na muziki hutoa dopamini mara mbili: kabla ya kilele, wakati bado anakitarajia, na tena kinapofika.

Ila washiriki wa Montreal walikuja na nyimbo zao wenyewe, zile ambazo tayari zilikuwa zikiwasisimua. Kwa hiyo ukiguswa na solo ya Mbaraka Mwinshehe kwa sababu ilikuwa ikipigwa redioni nyumbani kwenu kila jioni, sehemu ya kazi umeifanya wewe. Mwenzako aliyekulia kwingine anaweza kuisikia solo hiyohiyo, akatikisa kichwa kidogo, akaendelea na simu yake.