Mlipuko au Mmweko? Chanzo cha Miale ya Gama na Mawimbi ya Redio ya Ghafla Angani

Katika vilima vya Gusii radi si jambo la ajabu. Mkazi wa Ogembo asikilizaye redio wakati wa mvua hutambua kwamba kila umeme unapomulika, redio nayo hukwaruza. Mkwaruzo huo ni wimbi la redio lililozaliwa na umeme wenyewe. Kumbe chombo chaweza kupokea habari za tukio ambalo jicho halikuliona. Makala haya yanadhamiria kueleza chanzo cha mimweko ya gama na ya redio itokayo anga za mbali, na kuonyesha jinsi pwani ya Kenya ilivyohusika katika ugunduzi huo.

Ikumbukwe kuwa mwanga tuuonao, mawimbi ya redio, eksirei na miale ya gama ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao ni urefu wa wimbi na kiasi cha nishati. Redio ina mawimbi marefu na nishati haba; gama ina mawimbi mafupi mno na nishati kubwa kuliko zote. Angahewa huizuia miale ya gama isifike ardhini, ilhali mawimbi mengi ya redio hupenya. Ndiyo sababu gama husakwa kwa setilaiti, nayo redio kwa antena za ardhini.

Mnamo Julai 2, 1967, setilaiti za Vela za Marekani, zilizorushwa kuchunguza majaribio ya siri ya mabomu ya nyuklia, zilinasa mmweko wa gama ambao haukufanana na bomu lolote. Habari hizo zilichapishwa mwaka wa 1973. Kwa zaidi ya miongo miwili wataalamu walibishana: je, mimweko hii hutoka katika galaksi yetu au mbali zaidi?

Hapa ndipo Malindi inapoingia. Desemba 12, 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya kwanza mahususi kwa uchunguzi wa eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina Uhuru. Novemba 15, 1972, SAS-2, iliyobeba darubini ya gama, ilirushwa kutoka papo hapo. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa pako karibu na ikweta: mzunguko wa dunia husaidia kukisukuma chombo, na setilaiti ipitayo juu ya ikweta huepuka chembechembe nyingi zinazovuruga vipimo.

Baadaye setilaiti ya BeppoSAX, iliyorushwa mwaka wa 1996, ilituma data zake kupitia kituo cha Malindi. Februari 28, 1997, ilinasa mmweko wa gama, na saa chache baadaye ikaona eksirei hafifu zilizosalia mahali pale pale. Wahenga walisema, palipo na moshi hapakosi moto. Kwa kufuata mabaki ya aina hiyo, wataalamu walipima umbali wa mmweko wa Mei 8 mwaka huo huo, wakakuta ni mabilioni ya miaka-nuru. Ubishi ukaisha. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa mwaka wa 2004 kusaka mimweko hiyo, nayo ilituma data zake kupitia Malindi.

Je, chanzo ni nini? Mimweko inayozidi sekunde 2 aghalabu hutokea nyota kubwa mno inapoishiwa na nishati, kitovu chake kikaporomoka na kurusha mikondo ya mata kwa kasi inayokaribia ile ya nuru. Ile mifupi hutokana na nyota mbili za nyutroni kugongana, kama ilivyothibitishwa Agosti 17, 2017, mawimbi ya mvutano yalipotangulia gama kwa sekunde 1.7 tu. Hata hivyo, mpaka huo si wa chuma: mmweko wa Desemba 11, 2021 ulidumu karibu dakika nzima, lakini dalili zake zilikuwa za mgongano.

Mimweko ya redio ni midogo zaidi kwa muda. Hudumu milisekunde chache. Wa kwanza ulitangazwa mwaka wa 2007. Aprili 28, 2020, mmoja ulinaswa ukitoka ndani ya galaksi yetu, kwenye magneta, yaani nyota ya nyutroni yenye usumaku mkubwa kupindukia. Angalau baadhi, basi, huzaliwa na magneta.

Mpenzi wa Kiswahili atauliza: tutumie neno gani? Wengi wataandika "mlipuko". Lakini mlipuko hutaja kisababishi, ilhali kinachopokewa na chombo ni mng'aro wa ghafla tu. Mgongano wa nyota mbili na mtikisiko wa magneta si jambo moja na kuporomoka kwa nyota. "Mmweko" hutaja kilichoonekana na kuiachia sayansi nafasi ya kutafuta chanzo.

Jina Uhuru tayari limo katika vitabu vya elimu ya anga ulimwenguni. Itakuwa fedheha iwapo lugha iliyolitoa jina hilo itashindwa kusimulia kilichoonekana. Wanafunzi wa Kiswahili na wa fizikia wana kazi moja hapa: kuketi pamoja, kuunda istilahi na kuziandika. Usilolijua ni usiku wa kiza. Na giza hili, alhamdulillahi, lina mimweko yake.